Český Krumlov: mji uliokumbatiwa na mto Vltava

Wageni wanaokuja huku Ucheki wengi huishia Praha. Panda treni ya kusini, badilisha České Budějovice, shuka Český Krumlov. Kituo kiko juu mlimani, nje ya mji wa kale, kwa hiyo utateremka kwa miguu. Na ukifika chini, usikimbilie kasri. Tazama kwanza mto.

Vltava hapa imejikunja ikauzingira mji karibu pande zote. Hata jina Krumlov limetokana na maneno ya Kijerumani cha kale, uwanda uliopinda. Maji yalikuwa boma la bure, na juu ya jabali ng'ambo ya pili ukoo wa Vítkovci ukajenga ngome inayotajwa kwenye maandishi tangu 1253. Mwaka 1302 ukaingia ukoo wa Rosenberg, wakakaa miaka 300 hivi, mpaka Petr Vok wa ukoo huo, aliyeelemewa na madeni na hana mtoto, alipomuuzia Kaisari Rudolf II mji huo. Mwaka 1622 mji ukaenda kwa ukoo wa Eggenberg, na 1719 kwa ukoo wa Schwarzenberg.

Hawa Schwarzenberg ndio waliouokoa bila kukusudia. Karne ya 19 walihamishia makao yao kwenye kasri lao jingine, Hluboká, kasri la Krumlov likabaki bila kuvunjwavunjwa. Ukumbi wake wa maigizo wa 1766 bado una mitambo ya mbao: kamba na roda chini ya jukwaa, zinazobadilisha mandhari yote kwa mpigo mmoja.

Sura ya baadaye ni chungu. Wakazi wengi walizungumza Kijerumani. Ujerumani ya Hitler iliuteka mji 1938, na vita vilipokwisha, 1945 hadi 1946, Wajerumani hao wakafukuzwa. Nyumba nyingi zikabaki tupu na kuchakaa, lakini hazikubomolewa. UNESCO iliuorodhesha mji kuwa urithi wa dunia 1992.

Michoro ya kutani ichunguzeni kwa karibu. Mingine si rangi, ni sgrafito, yaani michoro ya kukwangua lipu. Fundi hupiga lipu ya chokaa na mchanga iliyotiwa vumbi la makaa ili iwe nyeusi, juu yake hupaka tabaka jembamba la chokaa nyeupe, kisha hukwangua kwa chuma wakati ingali mbichi, weusi utokeze. Hupaka eneo analoweza kulimaliza siku hiyo tu, kwa sababu chokaa ikishakauka kingo za mchoro humeguka.

Agosti 2002 Vltava ilifurika ikaingia majumbani. Ukuta wa mawe ukilowa namna hiyo huchukua miezi kukauka. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi husukumwa nje na lipu hubanduka vipande vipande. Chokaa huupumulisha ukuta, na kwa nyumba za kando ya mto huu hakuna lipu inayoifaa kazi hiyo kuliko yenyewe.