Pima mto ukiwa umechafuka

Anayetaka kujua mashamba ya mlimani yanapoteza udongo kiasi gani apime mto unapojaa, hasa saa za mwanzo za kujaa kwake. Ratiba ya "kila Jumatatu asubuhi" ni nyepesi kuifuata, lakini kwenye mito ya milima ya Uluguru, Tanzania, kama Mgeta na Ngerengere, ambayo yote humwaga maji yake mto Ruvu, inakupa picha ya mto safi ambao haupo.

Hesabu inaonyesha sababu. Miligramu za udongo kwa lita, mara mita za ujazo za maji kwa sekunde, mara 0.0864, unapata tani za udongo kwa siku. Tuseme siku ya jua mto una mg 20 kwa lita na unapitisha mita 2 za ujazo kwa sekunde: tani 3.5 hivi kwa siku. Mvua ikinyesha ukafika mg 800 na mita 6, saa moja tu inapitisha tani 17. Saa hiyo moja ni sawa na siku tano za utulivu, na huwezi kuikisia baadaye.

Chota ukiwa darajani, kwa kamba, chupa ikiwa imefungiwa uzito. Usiingie majini mto ukiwa umejaa. Ishushe chupa katikati ya mkondo hadi karibu na kitako cha mto bila kukigusa, kisha uipandishe kwa mwendo uleule. Ikifika juu imejaa pomoni, mwaga urudie, maana hujui ilijaa kwenye kina kipi. Maji ya juu peke yake hayatoshi: udongo wa mfinyanzi huelea kote, lakini mchanga husafiri chini.

Kila chupa iandikwe saa na kimo cha maji kilichosomwa kwenye rula iliyochorwa kwenye nguzo ya daraja. Mara nyingi tope hufikia kilele kabla ya maji, kwa hiyo kimo kilekile wakati mto unapanda na wakati unashuka kinaweza kuwa na tope tofauti kabisa. Mtiririko upime kwa kijiti kinachoelea mita 20, mara tano, chukua wastani wa kasi, zidisha kwa 0.85 (maji ya juu hukimbia kuliko ya chini), kisha zidisha kwa eneo la mkato wa mto hadi kimo cha maji cha saa hiyo, ukitumia umbo la mto ulilolipima kiangazi.

Kwa mafuriko ya usiku, simika nguzo ya chuma na ufunge chupa za nusu lita, moja juu ya nyingine kila sentimita 20. Kizibo cha kila chupa kina mirija miwili: wa maji, uliopindwa juu kisha ukashuka nje, na wa hewa, ambao mdomo wake uko juu zaidi. Maji yakivuka pindo, chupa inajaa na kuacha. Majani yakiziba mrija, chupa inabaki tupu, kwa hiyo zikague kabla ya kila mvua. Tena hunasa mto unapopanda tu. Kushuka kwake lazima uchote mwenyewe.

Maabara, kausha kichujio cha nyuzi za kioo, kipime, chuja, kausha tena saa moja kwa joto la nyuzi 103 hadi 105 za Selsiasi, kiache kipoe ndani ya chombo kikavu, upime kwa mizani inayosoma miligramu 0.1. Hapa ndipo wengi huharibu: wanatikisa chupa, wanamimina mililita 100, na mchanga unabaki chini. Chuja chupa nzima, hata ikibidi kutumia vichujio vitatu.

Kipimo cha ukungu wa maji ni cha haraka na bei yake si kubwa, lakini namba yake si miligramu. Tengeneza uwiano wa ukungu na miligramu kwa mto wako mwenyewe, kwa sampuli za maji meupe hadi za tope zito. Udongo ukibadilika, uwiano nao unabadilika.

Kabla ya kumlaumu mkulima, weka vituo juu na chini ya kila kijito, na juu na chini ya kila barabara ya vumbi inayokata mlima. Mtaro wa barabara usio na kingo unaweza kumwaga tope jingi kuliko shamba lenye makinga maji. Ukingo wa mto uliolimwa hadi majini nao ni chanzo cha tope, na sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe. Pima pia fosfeti kwenye chupa hizohizo: mbolea nyingi ya aina hiyo husafiri imeng'ang'ania udongo, hivyo siku ya tope ndiyo siku yake.