Marimba ya vibao vinane kutoka kwenye gogo la mtaani

Mti ukiangushwa mjini, iwe umepisha waya za umeme au barabara inayopanuliwa, wanaowahi kufika ni watu wa kuni na watu wa mkaa. Anayetaka ala ya muziki afike siku hiyohiyo. Gogo likilala juani wiki moja huanza kupasuka kutoka vichwani, na ufa ukishaingia haurudi. Nafuu ni kwamba marimba haihitaji gogo refu. Kibao kirefu kuliko vyote katika marimba ninayoieleza hapa kina sentimita 34. Kipande cha sentimita 60 chenye kipenyo cha 30, ambacho mwenye chenso hukiacha kwa kuwa hakitoi ubao wa kuuza, kinatosha vibao vinane na akiba juu.

Kabla ya kupakia, maliza karatasi. Mti wa kando ya barabara una mwenyewe, kwa hiyo anza serikali ya mtaa. Kama gogo linatoka nje ya wilaya, ulizia TFS, wakala wa misitu wa serikali, kuhusu hati ya kusafirishia. Mninga na mpingo usivibebe bila kibali, hata kama vimeangushwa na upepo.

Si kila mti unalia. Mninga ndio wa kwanza kwangu: unakauka bila kujipinda sana, si mzito kupita kiasi, na ukiugonga sauti inakaa hewani. Ila huo ni mti wa bara, mijini ya pwani huupati kirahisi. Huku utakutana na mkangazi, mjohoro, mwarobaini, mfenesi na mwembe. Mjohoro ni mgumu na unalia vizuri ukipata kipande kilichonyooka, lakini vumbi lake linawasha macho na pua, kwa hiyo vaa barakoa. Mkangazi unatoa sauti nene, fupi kidogo. Mfenesi watu wanaudharau kwa sababu tunauona kila siku uani, wakati Thanjavur, India Kusini, ala ya nyuzi iitwayo vina hutengenezwa kwa mti huohuo. Mwembe nauweka kwenye fremu na kwenye ngoma. Kibao cha mwembe kinagonga kuliko kinavyolia. Mkaratusi uache. Umejaa mkazo wa ndani, utaupasua asubuhi na jioni ubao umekunjika. Mkrismasi ni laini mno, hata kwa fremu haufai.

Miti ya mtaani ina misumari ya mabango. Kagua gome kwa sumaku, kisha tazama kichwa cha gogo: doa jeusi la bluu lililochongoka kuelekea ndani mara nyingi ni chuma kilichomezwa na mti miaka mingi. Kata mbali na hapo, la sivyo utalipa mnyororo wa watu.

Siku ya kwanza paka vichwa vyote viwili rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo, mikono miwili minene, au mimina nta ya mishumaa iliyoyeyushwa. Maji hutoka kwa kasi zaidi kupitia vichwani kuliko ubavuni, na tofauti hiyo ndiyo inayopasua. Kisha usilihifadhi gogo zima. Lipasue ndani ya siku chache: katikati kupitia uboho, halafu kila nusu tena, upate robo nne. Kila robo itoe mbao za sentimita 3 ambazo, ukizitazama kichwani, pete zake zimesimama wima. Kama pete hazionekani, fuata mistari myembamba inayotoka ubohoni kwenda gomeni. Hiyo ilale sambamba na uso mpana wa ubao. Uboho wenyewe tupa, ndio mama wa nyufa. Sehemu nyeupe ya nje nayo ondoa, hasa kwenye mwembe, maana dumuzi wanaipenda. Ukiona unga laini kama wa sembe chini ya rundo, wameshaingia.

Panga mbao kivulini penye upepo, juu ya matofali, na kati ya safu na safu weka fito za sentimita 2, moja kila baada ya sentimita 20, zikiwa zimepangana wima toka chini hadi juu. Juu ya rundo weka mawe. Usifunike kwa nailoni, utaotesha ukungu. Wengine hupaka oili chafu kuzuia wadudu; hiyo iache kwa nguzo za uzio, kwani mafuta yakinywewa na ubao sauti inakufa.

Ubao umekauka lini? Mizani ya jikoni itakuambia. Andika uzito wa mbao mbili juu ya mbao zenyewe kwa penseli, upime kila wiki. Gramu zikibaki zilezile wiki tatu mfululizo, ubao umeshapatana na hewa ya hapo. Pwani wakati wa kiangazi tarajia miezi mitatu hivi kwa unene huu, na ikiingia masika ongeza. Hapa ndipo marimba nyingi zinapoharibika: fundi ana haraka, anatyuni kibao kibichi, na baada ya miezi miwili kila kibao kimepanda kwa kiasi chake.

Sasa randa hadi milimita 22, upana sentimita 5, na ukate urefu: 34, 33, 32, 31, 30, 29, 28 na 27. Noti ni Do ya kati hadi Do ya juu yake, yaani hezi 262, 294, 330, 349, 392, 440, 494 na 523. Kabla ya kuchonga chochote, kishike kila kibao kwa vidole viwili karibu na robo ya urefu, kikining'inia, ukigonge katikati. Kinachosema "ting" kiweke. Kinachosema "pu" kina fundo, nyuzi zilizokwenda mshazari au ubichi. Kinachochechemea kama redio mbovu kina ufa usiouona. Usijidanganye kwamba gundi itakiponya.

Kila kibao kina mistari miwili isiyotikisika kinapolia, na hapo ndipo kinaposhikwa. Kwa ubao wa unene mmoja iko asilimia 22.4 ya urefu kutoka kila ncha. Kwa kibao cha sentimita 34 ni sentimita 7.6. Ukikishika kwingine unakiziba mdomo. Kuihakiki, laza kibao juu ya vipande viwili vya sponji, nyunyiza chumvi laini, gongagonga katikati kwa fimbo yenye mpira. Chumvi itarukaruka na kujikusanya katika mistari miwili inayokatiza upana. Weka alama, lakini usitoboe bado. Tao la chini likishachongwa mistari huhama kidogo, kwa hiyo chumvi inarudiwa.

Tao ndilo linalotyuni. Anza sentimita moja ndani ya alama, chonga upande wa chini kwa kuelekea katikati, uso wa juu usiuguse. Ukipunguza katikati, sauti inashuka. Ukipunguza chini ya ncha, inapanda, lakini kidogo tu, kwa hiyo hiyo ni dawa ya aliyezidisha, usiipangie kazi. Kibao cha Do ya chini kitaishia na unene wa milimita 9 au 10 hivi katikati. Cha juu kitabaki kinene zaidi. Tupa ya mbao inatosha. Grainda yenye msasa ni ya haraka, ila inapasha moto, na kibao cha moto husoma chini kuliko kilivyo. Unaona tyuna ya simu, ile programu inayosoma noti, imetulia, unakwenda kunywa chai, ukirudi kimepanda. Chonga, subiri kipoe, ndipo ugonge na kusoma.

Acha kila kibao juu ya noti yake kwa senti 15 hadi 20 za tyuna (senti 100 ni nusu toni), ukiweke wiki mbili, ndipo umalizie. Mbao zilizochongwa upande mmoja hujitikisa kidogo zinapotulia. Kuna sauti ya pili ndani ya kibao, nyembamba, ambayo kwenye marimba za viwandani hupangwa oktava mbili juu ya ile kuu. Ukitaka kuishusha hiyo zaidi kuliko kuu, punguza kati ya katikati na alama badala ya katikati penyewe. Kwa marimba ya kwanza usijitese nayo.

Kama hutaki fremu, waige Waganda. Amadinda yao ina vibao 12 vinavyolazwa tu juu ya vigogo viwili vya mgomba, vikitenganishwa na vijiti. Hata mwenye kutaka fremu hujipatia meza nzuri ya majaribio: migomba miwili, vibao vinane, unapiga wiki nzima kabla ya kutoboa tundu hata moja.

Fremu ni reli mbili za mwembe za sentimita 60. Haziendi sambamba: upande wa vibao virefu ziachane karibu sentimita 19, upande wa vifupi karibu 15. Kati ya kibao na kibao acha sentimita moja. Tundu la milimita 4 linapita ubavuni, kutoka ukingo mmoja wa kibao hadi wa pili, kwa mshazari unaofuata reli. Toboa nusu huku na nusu kule, kekee zikutane katikati, usije ukapasua ukingo. Kamba ya nailoni ya milimita 3 inapita kwenye vibao vyote, ikishikiliwa na misumari ya inchi 3 iliyovikwa mpira. Kibao kikigusa msumari mtupu kitazomea.

Chini ya kila kibao ning'iniza bomba la plastiki la inchi 2, lililozibwa chini kwa kizibo cha mbao kinachosukumika. Urefu wa hewa ndani ni kama sentimita 32 kwa Do ya chini, 18 kwa La, 15 kwa Do ya juu. Bomba lenyewe kata refu zaidi kwa sentimita 3 ili kizibo kipate pa kucheza. Mdomo wa bomba uwe sentimita 2 chini ya kibao. Sukuma kizibo taratibu huku unagonga: kuna mahali sauti inafumka ghafla. Kipandishe kidogo kupita hapo, maana bomba likilingana kabisa na kibao hufanya sauti iwe kubwa lakini ikatike upesi.

Fimbo ziwe za sentimita 35 hadi 40, kichwani uzungushe mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa utepe. Vibao virefu vinataka kichwa laini zaidi; kichwa kigumu hutoa mlio wa mbao badala ya noti. Juu ya vibao pitisha nta kidogo au vanishi nyepesi mkono mmoja. Na kama ala itakwenda Dodoma au kwingine kukavu, mwambie mwenyewe mapema kwamba vibao vitapanda kwa sababu vitapoteza unyevu. Avikalishe huko mwezi mmoja, kisha achonge katikati kidogokidogo akiwa na tyuna mkononi.