Birika la msikiti wetu

Nimerudi Amu, yaani Lamu, baada ya miaka 14 Uarabuni. Punda ni wale wale, na vijia vya Mkomani vingali vya kupishana kwa mabega. Nikajiambia, hapa hapajageuka kitu. Magharibi nikashika njia ya msikiti wa mtaani kwetu. Nilipovua viatu tu, mkono ukaenda wenyewe kutafuta kata.

Kata hakuna. Birika, lile hodhi la maji ya kutawadhia, hakuna. Pana ukuta wa vigae vya samawati na mifereji sita ya plastiki, mmoja wavuja.

Mliotawadha pale mnalijua: maji baridi hata kaskazi, vile visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na bakuli za kauri ya China zilizojengewa chini kabisa, ili siku ya kusafisha, maji yakishuka, samaki wapate pa kujistiri. Babu alinikataza kuzigusa. Nilizigusa sana.

Ukuta nao ni msiba. Majengo yetu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta hunywa unyevu, kisha huutoa kama jasho. Hawa wameuziba kwa simiti. Jasho limekosa pa kutokea, chumvi imejaa ndani, na karibu na kibla plasta yabanduka mapandemapande. Nilibonyeza kwa kidole, unga mweupe ukanimwagikia kanzuni. Na ni kwa majengo hayo UNESCO iliuingiza mji huu katika urithi wa dunia, 2001!

Sasa chekeni: simiti ile ni mchango wangu. Nilituma mara mbili, nikamiminiwa mashallah kwenye simu kama bwana harusi. Sikuuliza ni ya kazi gani. Basi wewe uliyeko Dubai, ukiombwa, uliza kwanza: chokaa au simiti? Chokaa yataka matumbawe yachomwe kwa kuni, izimwe kwa maji, ingojewe. Mwenye haraka na akajenge kwingine.

Baada ya sala mzee mmoja, rafiki wa marehemu babu, akanishika mkono.

"Umeona tulivyopendeza, mwanangu?"

"Tumependeza, babu. Na wale samaki mliwapeleka wapi?"

Akafikiri kidogo. "Siku ya kubomoa," akasema, "hakuna paka wa Amu aliyekosa sala ya jamaa."