Nilivyozisoma kori za Kutch bila kuwa na kitabu

Nataka nielezee vile nilivyofanikiwa kuzitambua sarafu za Kutch, utawala wa zamani wa magharibi mwa India, maana huku pwani zipo majumbani na wenyewe hawajui wana nini, wakiona maandishi ya kiarabu upande mmoja na ya kihindi upande wa pili wanasema tu hizo rupia za zamani, alafu zinaishia kwa sonara zinayeyushwa bangili. Inaniuma sana. Zile sio rupia kabisa, zinaitwa kori, na ni pesa ya nchi iliyokua na mtawala wake na kiwanda chake cha kupiga sarafu pale Bhuj, mji wake mkuu, mpaka mwaka 1948.

Sarafu zenyewe ni za bibi mmoja jirani yetu hapa Unguja, asili ya familia yake ni Mandvi. Mandvi ndo ile bandari ya Kutch iliyokua inatoa majahazi yanayokuja huku na upepo wa kaskazi, na nyumba ya Jairam Shivji iliyoshika forodha ya Zanzibar miaka mingi enzi za Sayyid Said na wanawe ilikua ya watu wa Mundra, hukohuko Kutch. Kwahiyo kori kukutwa kwenye kasha la mtu Mji Mkongwe sio ajabu. Mjukuu wake alitaka zipelekwe zikauzwe kwa uzito, bibi akaniambia mwanangu we si unapenda mambo ya zamani, hebu niangalizie kwanza hizi za marehemu baba yangu kabla hawajaziondoa.

Kitabu sina, na hivo vikatalogi vikubwa vya sarafu ni ghali. Nikaanza na nilichonacho, yaani herufi za chuoni. Mtu yeyote aliesoma madrasa anaweza kuanza hapo hapo, kwa sababu upande mmoja wa kori umeandikwa kwa herufi za Kiajemi na mwaka umewekwa wazi kabisa, tena mwaka wa kizungu sio wa hijria. Ila tarakimu angalia vizuri, moja mbili tatu ni zilezile tulizozizoea lakini nne na tano na sita zina umbo la Kiajemi, ukizisoma kwa mazoea ya msahafu zitakuchanganya. Upande huo ndo limeandikwa jina la mfalme wa Uingereza, mfano Malkia Victoria na cheo chake Qaisar-i-Hind yaani Kaisari wa India, au Jarj Panjam yaani George wa 5, pamoja na jina la Bhuj mahali ilipopigwa. Sura ya mtu hamna. Kuna tawala nyingine za kihindi kama Alwar na Bikaner zilikubali kuweka kichwa cha Victoria kwenye rupia zao, Kutch walibaki na maandishi tu, na mimi kiukweli napenda hivo zaidi, sarafu yote inakua ya kusoma.

Upande wa pili ndo ulikua mgumu kwangu. Ni Kinagari, zile herufi za kihindi. Hapo bibi mwenyewe ndo alikua ufunguo, maana alisoma Kigujarati utotoni na tarakimu za Kigujarati na za Kinagari nyingi zinafanana. Tukakaa barazani, mimi nasoma upande wangu yeye anasoma wake kwa sauti nami naandika kwenye daftari. Maharao Shri Khengarji, ndo jina la mtawala na cheo chake. Kutch Bhuj. Akifika kwenye mwaka ananipa namba kubwa kubwa, 1985, 1992, 1993, mjukuu wake akashangaa akasema bibi sarafu gani hii ya mwaka 1993 na we ulikua nayo toka msichana? Kumbe ile ni Samvat, kalenda ya Vikram, iko mbele ya yetu kwa miaka 56 au 57. Kwanini 56 au 57, kwa sababu mwaka mpya wa Kutch unaingia mwezi wa 6 au wa 7 hivi, siku wanayoiita Ashadhi Bij, sasa sarafu iliyopigwa kabla ya hapo unatoa 56 na iliyopigwa baada yake unatoa 57. Ndo maana mwaka 1936 unaweza kuuona na Samvat 1992 na pia na Samvat 1993 na zote ziko sawa.

Hapo ndo nikapata njia ya kujihakiki mwenyewe bila kumuuliza mtaalamu. Nasoma mwaka wa Kiajemi, bibi anasoma wa Samvat, tunatoa kimoja kwa kingine, ikija 56 au 57 basi tumesoma vizuri, ikija kitu kingine tunairudisha mwangani. Sarafu zilizolika sana ambazo tarakimu moja imefutika upande mmoja tulizipata kwa kuhesabu kutoka upande wa pili, nilifurahi siwezi kusema.

Khengarji wa 3 huyo ametawala toka 1876 mpaka 1942. Ukifikiria ni miaka mingi mno, jina lake limekaa upande mmoja huku upande wa pili wafalme wanapita, Victoria, Edward wa 7, George wa 5, Edward wa 8, George wa 6. Na hii ya Edward wa 8 ndo nawaomba muitafute kwa makini, yule alikua mfalme chini ya mwaka mmoja tu, Januari mpaka Desemba 1936 akaacha kiti, na sehemu zilizowahi kutoa sarafu kwa jina lake ni chache. Kutch ni moja wapo. Nyingine ni sisi wenyewe, zile senti tano na senti kumi za tundu za Afrika Mashariki za mwaka 1936. Bibi alikua na vyote viwili kwenye kasha moja! Kwa hiyo ukiona 1936 usiishie kwenye mwaka, soma jina, kwa sababu George wa 5 alifariki mwezi wa kwanza mwaka huohuo.

Baada ya kusoma nikaenda kupima. Sonara mmoja mzee wa watu alinikubalia mizani yake ya umeme, nikapima moja moja. Sarafu ya kori 5 ina gramu 13.87 na fedha yake ni safi, sehemu 937 kwa 1000. Ya kori mbili na nusu ni nusu ya uzito huo. Kori moja ni gramu 4.7 hivi lakini fedha yake imechanganywa zaidi, kama sehemu 600 kwa 1000. Rupia ya Kiingereza ya India ni gramu 11.66, kwahiyo hata kama huwezi kusoma herufi hata moja mizani peke yake inakutengea kori 5 na rupia. Kwa thamani ya wakati ule rupia moja ilikua inakaribia kori nne. Chini ya kori kuna shaba, dokda 24 ndo kori moja, dokda moja ni trambiyo 2, na dhinglo moja ni trambiyo 3, mahesabu ya sokoni hayo bibi alikua anayakumbuka kwa mdomo toka kwa mama yake, mi nilikua naandika tu. Na za shaba za miaka ya vita, karibu 1943, za Vijayarajji mwanawe Khengarji, zina tundu katikati kama senti zetu, hizo mtu anaweza kuzitupa kwenye bakuli la senti asijue.

Alama ya haraka kwa asiejua kusoma chochote: tafuta mkuki wenye ncha tatu, mwezi mchanga, na kijambia kifupi wanachokiita katar. Ukiviona hivo upande wa Kinagari, hiyo ni Kutch.

Tafadhali msizisugue. Bibi alishaandaa ukwaju na majivu ili ziwe nzuri, nikamwambia bibi hapana, ule weusi wa fedha ndo unaomwonyesha mnunuzi kwamba haijaguswa, ukiisugua inang'aa na bei yake inashuka hapohapo.

Kulikua na moja ilimtoa machozi. Samvat 2004, jina la mtawala ni Madansinhji, na pale alipokua anaandikwa mfalme wa Uingereza pameandikwa Jay Hind, yaani Ushindi kwa India. Ndo 1947 kuingia 1948 hiyo, India imeshapata uhuru na Kutch bado inapiga kori yake, mwaka 1948 utawala ukakabidhiwa serikali ya India na kori zikaishia hapo. Bibi aliisoma taratibu kisha akaishika kiganjani muda mrefu.

Kuna fungu jingine dogo, kori za zamani zaidi nene nene, hizi zinapotosha watu wengi kwa sababu zina mwaka 978 hijria, yaani karibu 1570. Sio za mwaka huo. Watawala wa kule waliiga sarafu ya Muzaffar Shah wa 3, sultani wa mwisho wa Gujarat, na ule mwaka wakaendelea kuupiga hivohivo vizazi na vizazi. Tena Nawanagar, utawala wa jirani na Kutch, nao walikua na kori yao ya namna hiyohiyo, herufi za Kiajemi ni zilezile, kinachotenganisha ni jina la Kinagari: ukisoma Shri Jamji ni ya Nawanagar, ukisoma Rao, cheo cha watawala wa Kutch, na jina kama Desalji ni ya Kutch. Kwenye kasha la bibi zote zilizosomeka zilikua za Rao, isipokua moja ya Jam, na hiyo ameniachia mimi.