Udi kwenye bomba la taa

Jana mama watoto aliunguza dagaa, akawasha vijiti vya udi kuficha ushahidi. Moshi ukatoka jikoni taratibu ukaja sebuleni. Watoto wakaziba pua. Mimi nikaweka rimoti chini nikaanza kuufuata kwa macho. Ndivyo nilivyo siku zote udi ukiwaka: wenzangu wanasikia harufu, mimi nataka kujua moshi unaenda wapi. Wa jana ulielekea dirishani tu, hapakuwa na la ajabu. Lakini akili ilishanitoka, iko Mwanza, juu ya dari la chumba cha friza, mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Huko nilifanya kazi chini ya fundi umeme mmoja mzee, nikimwita Babu. Kabla ya kuja kiwandani alikuwa fundi umeme melini, na mfuko wake wa kazi ulijaa vitu ambavyo hakuna duka la Mwanza lililoviuza.

Kiwanda kilikuwa cha minofu ya sangara, kando ya ziwa. Ulaya ilikuwa imeshafungua tena milango baada ya kuzuia samaki wa Ziwa Viktoria mwaka 1999, na kila mwenye koti jeupe alikuwa anaishi kwa hofu ya mkaguzi. Tone la maji juu ya boksi la minofu lilikuwa kesi. Na sisi matone tulikuwa nayo. Kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri maji hayafiki sakafuni, yanaganda yakiwa yananing'inia, kwa hiyo taa za mstari wa kati zilikuwa zimeota ndevu za barafu. Kisha breka ya taa ikaanza kujikata. Wapakiaji wanabaki gizani na makoti yao mazito, wanapiga makelele, breka inarudishwa, inakaa siku kadhaa, inajikata tena.

Kila mtu alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa moja: paa linavuja. Meneja akaita watu wa paa. Wakapanda, wakapaka lami kwenye kila msumari, wakalipwa, wakaondoka. Ilikuwa Julai. Mwanza ya Julai ina mvua gani ya kuvuja? Nadhani kila mmoja pale alijua ni mwezi gani, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuutaja.

Babu alinishikisha bisibisi nifungue taa ya katikati. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, VETA, si muda mrefu, na kule hatukuwahi kufungua taa ya namna ile. Ndani ya kifuniko kulikuwa na bonge la barafu safi, angavu, na nyaya zimelala ndani yake: nyekundu, nyeusi, ya erthi, zote zinaonekana vizuri kabisa. Babu akavunja kipande, akatoka nacho nje, akakiyeyusha kiganjani, akapiga tochi.

"Haya hayajapita kwenye bati," akasema. "Maji ya paa yanakuja na kutu na kinyesi cha ndege. Haya ni masafi kuliko unayokunywa nyumbani kwako, mjukuu wangu."

Halafu akafanya jambo ambalo sikulielewa. Akasimama mlangoni pa friza, akawa anawatazama wapakiaji wanavyoingia na kutoka. Kila mlango ulipofungwa na mtu akataka kuufungua mara hiyo hiyo, ulimgomea. Vijana walikuwa wameshazoea, wanaweka mguu ukutani na kuvuta kwa nguvu za wawili. Babu akatikisa kichwa, akaenda ofisini kwa mhasibu. Mhasibu alikuwa Mhindi, juu ya kabati lake kuna picha ndogo ya Lakshmi na pakiti ya udi. Akarudi na vijiti mfukoni.

"Panda juu," akaniambia. "Mimi naingia ndani nikae chini ya taa iliyofunguliwa. Waache mlango wazi mpaka joto liingie, halafu waufunge. Nikigonga bomba la nyaya mara mbili, wewe tazama moshi. Usifanye kitu kingine, tazama."

Kati ya dari la friza na mabati ya paa kulikuwa na nafasi ya kupita kwa kutambaa. Unapita juu ya mbao walizoacha waliojenga, maana paneli zenyewe si za kukanyaga hovyo: ni bati huku na bati huku, katikati povu la poliyurethani. Saa nane mchana. Mgongoni nina mabati yaliyopigwa jua tangu asubuhi, chini ya kifua sentimita kama 15 za povu, na chini ya povu ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Mvuke wa maji ya kuoshea sakafu ulikuwa unapanda kutoka chumba cha kukatia minofu na kukusanyika humo, pamoja na harufu ya mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya kutolewa minofu. Shati lilikuwa limeloa kabla sijafika katikati.

Bomba la taa lilikuwa la chuma. Lilitoka kwenye bodi ya breka likiwa kavu na la moto, huwezi kulishika. Lilipokaribia mahali linapotoboa paneli, likaanza kuwa na jasho. Nikalipitishia kidole: vuguvugu, poa, baridi, baridi kali, na pale linapozama kwenye bati kulikuwa na pete nyeupe ya sakitu. Yote hayo ndani ya urefu wa mkono wangu. Juu ya tundu kulikuwa na boksi la viungio, kifuniko kimeshikwa na skrubu moja, kimekaa upande. Nyaya ziliingia humo na kushuka ndani ya bomba, na kuzizunguka kulikuwa na uwazi mtupu.

Nikawasha udi. (Msiige. Povu lile likishika moto hakuna ndoo ya mchanga itakayolizima, na moshi wake unaua. Leo nisingemruhusu mtu yeyote kupanda na kiberiti.) Moshi ukapanda wima, ukafika usawa wa macho yangu, ukasambaa. Nikasogeza kijiti karibu na mdomo wa boksi. Ukaendelea kupanda vile vile bila kulijali. Chini nikawa nasikia sauti za wapakiaji, mtu anacheka, toroli linapita. Tone la jasho likanitoka puani likaangukia bomba. Nikaanza kumwona Babu kama mzee aliyechoka.

Kisha mlango ukafungwa. Ule mlio mzito wa mpira kukutana na bati niliusikia kwa tumbo zaidi ya masikio. Kimya. Bomba likagongwa mara mbili.

Moshi ukasita. Halafu ukainama. Sina namna nyingine ya kulisema: ulikuwa umesimama, ukainama, ukawa uzi mwembamba, ukaingia kwenye boksi katikati ya nyaya, na haukutoka. Nikarudisha kijiti nyuma kiasi cha kiganja. Uzi ukarefuka, ukashika njia ile ile. Nikakipeleka upande wa pili, ukageuka nao. Hewa ya darini, ile ile niliyokuwa naivuta, nzito kwa mvuke, ilikuwa inanyonywa humo mbele ya macho yangu, na ukitulia kabisa ulisikia kamluzi kembamba sana. Nilisahau kuita. Nilikuwa nimelala kifudifudi nauangalia uzi ule unaingia na kuingia, jivu la udi likaniangukia kwenye kidole na sikukiondoa.

Sauti ikaja kupitia bomba, ndogo, ya kopo:

"Mjukuu! Harusi imefika!"

Harufu ya udi ilikuwa imemfikia puani chini ya taa.

Mengine nayapitisha haraka. Kila mlango unapofunguliwa, hewa ya moto inaingia friza. Ukifungwa, hewa hiyo inapoa na kusinyaa, na nafasi inayobaki lazima ijazwe na kitu. Friza nzuri ina kipumulio ukutani, kijilango kidogo chenye hita yake ili kisigande, kazi yake ni kuruhusu hewa ipite na kusawazisha. Hita ya kwetu ilikuwa imeungua, hakuna ajuaye lini, na kipumulio kilikuwa bonge la barafu. Ndiyo maana mlango uligoma. Chumba kikawa kinapumua kupitia mabomba ya taa. Na hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba hadi gramu 30 hivi za maji kwa kila mita moja ya ujazo, wakati ile ya nyuzi 20 chini ya sifuri haiwezi kubeba zaidi ya gramu moja hivi. Zinazobaki zinashuka njiani: kwenye bomba, kwenye boksi, juu ya viungio vya nyaya.

Injinia alileta silikoni, ile inayonuka siki. Babu akaikataa, alisema kinachonuka siki ndicho kinachokula shaba, na ndani ya boksi la nyaya hakitakiwi. Akatoa kwenye mfuko wake dongo la kijivu lisilokauka, limefungwa kwenye nailoni tangu enzi za melini. Tukakata kipande cha chuma kinachopita kwenye paneli tukaweka cha plastiki, ili baridi isipande na chuma hadi darini, na waya wa erthi tukaupitisha wenyewe, maana plastiki haibebi erthi. Dongo tukalisokomeza ndani ya bomba kuzunguka kila waya, upande wa juu, wa joto. Nje ya bomba tukajaza povu la kopo, kisha tukaziba vizuri kwenye bati la juu. Nilimuuliza kwa nini tusizibe kule chini, ambako barafu ndiko inakoonekana. Akaniambia ukiziba upande wa baridi peke yake, umemkaribisha mgeni ukumbini ukafunga mlango wa chumbani: maji yataingia yakae ndani ya ukuta wako, na siku utakayoyaona paneli imeshavimba.

Hita ya kipumulio ikabadilishwa. Mlango ukaacha kugoma. Breka ikatulia.

Taarifa ya mwezi ilibandikwa ubaoni karibu na chumba cha kubadilishia nguo. Ilisema tatizo la maji kwenye friza limekwisha kufuatia ukarabati wa paa. Niliisoma, nikaenda kumwita Babu aje aisome. Akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Imeandikwa vizuri," akasema, akaenda kunywa chai.

Niliudhika kwa niaba yake muda mrefu sana. Siku hizi sina hakika kama alihitaji niudhike. Huenda alikuwa ameshahesabu: akipinga, meneja atalazimika kueleza fedha za lami, na meneja akilazimika kueleza, mtu wa chini ataumia. Au huenda hakujali kabisa, alitaka chai. Sikumuuliza, na kwa jinsi nilivyomjua angenijibu kwa swali.

Miaka mingi baadaye nilikuja kukuta jambo hilo hilo kwenye kanuni za umeme za Marekani, kifungu cha 300.7: bomba likipita kutoka joto kwenda baridi mahali ambapo maji yanajulikana kuwa tatizo, kama kwenye maghala ya baridi, lijazwe kitu cha kuzuia hewa ya joto isizunguke kwenda upande wa baridi. Sentensi chache tu. Hazitaji udi.

Sasa nafunga nyaya kwenye vyumba vya chanjo, vile vya nyuzi 2 hadi 8, na kazi hii naifanya kila mara ingawa baridi yenyewe ni ya kitoto ukilinganisha na ile friza. Mwanzoni nilikuwa naiandika wazi kwenye hesabu: "kuziba mabomba ya nyaya". Wahasibu wakawa wananipigia simu. Fundi, bomba waya umeshapita, unaliziba la nini? Naeleza hewa, naeleza mvuke, naeleza umande, mwisho wa simu mstari unafutwa na dongo nanunua kwa pesa yangu. Siku hizi nimeuingiza kwenye "vifaa vidogo vidogo", pamoja na tepu na skrubu. Hapo haujawahi kuulizwa.