Kati ya Dodoma na Mlimani: kwa nini sikuifuata gesi

Majina ya waliodahiliwa yalipotoka, nilijikuta nimechaguliwa mara mbili. Chuo Kikuu cha Dodoma kilinipa nafasi ya kusoma uhandisi wa petroli, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kile tunachokiita Mlimani, kikanipa uhandisi wa mitambo. Siku hizi mwombaji hutuma maombi moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka, na aliyepata zaidi ya kimoja hutakiwa na Tume ya Vyuo Vikuu kuthibitisha kimoja tu, kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu yake, kabla ya tarehe iliyotangazwa kupita. Nilikuwa nyumbani Newala, namba ile ilikwisha kuingia, na nyumba nzima iliamini kwamba hakuna cha kujadili.

Kwao jibu lilikuwa gesi, na aliyekulia mkoa wa Mtwara hahitaji kuelezwa sababu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, lakini kizazi changu kiliifahamu kwa kelele zake za baadaye: mwaka 2013, nikiwa darasa la kwanza, kauli ya "gesi haitoki", ya kupinga gesi yetu kupelekwa Dar es Salaam, ilikuwa midomoni mwa kila mtu mzima, na miaka miwili baadaye likazinduliwa bomba la inchi 36 linaloichukua gesi hiyo kutoka mtambo wa Madimba hadi Dar es Salaam. Kwa majirani zetu wa Lindi, mradi wa kuigeuza gesi kuwa kimiminika pale Likong'o umezungumzwa muda wote niliokuwa shuleni. Mjomba, ambaye kwetu Wamakonde neno lake juu ya mtoto wa dada yake si la kupuuzwa, alikuwa akiniita "injinia wa gesi" tangu siku nilipopangiwa kusoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati.

Nami nilikuwa nimeshaliamini jina hilo, mpaka nilipoanza kuuliza mhandisi wa petroli hufanya kazi gani hasa. Nilichoelewa ni kwamba kazi yake kubwa iko chini ya ardhi: kuchimba visima, kufahamu tabia ya mwamba uliohifadhi gesi, kukadiria kiasi kilichobaki na namna ya kukitoa. Ni elimu nzito na yenye heshima, lakini humhitaji zaidi mtu pale visima vinapochimbwa. Visima vyetu vinavyozalisha ni vichache na vilikwisha kuchimbwa, na sehemu kubwa ya gesi inayotoka huku huenda kuzalisha umeme Dar es Salaam. Hazina ya nchi nzima inayotajwa, zaidi ya futi za ujazo trilioni 57, kwa sehemu kubwa iko chini ya bahari kuu na kuitoa kunategemea uamuzi wa wawekezaji. Sikutaka kumaliza miaka minne ya masomo kisha nikae barazani kusubiri saini za watu nisiowajua.

Halafu kuna jambo ambalo sikulisema nyumbani, kwa kuwa lingeonekana dogo mbele ya gesi. Newala iko juu, kwenye uwanda wa Makonde, na maji yetu yako bondeni, hivyo ili yatufikie ni lazima yasukumwe kwa pampu kupanda mlima. Nimekua nikijua kwamba siku pampu ikisimama, bei ya ndoo hupanda kabla ya saa sita mchana, na watoto huchelewa shule kwa sababu ya foleni. Katika utoto wangu wote sikuwahi kumwona mtu anayeshughulika na mashine zile, ila niliyaona matokeo ya kazi yake kila asubuhi, yawe mazuri au mabaya. Niliposoma orodha ya masomo ya uhandisi wa mitambo na kukuta mwendo wa vimiminika, joto na nishati, na usanifu wa mashine, nilijua ni kazi ya nani ninayoitazama.

Mwalimu wangu wa fizikia ndiye aliyenisaidia kuondoa suala la ukubwa wa jina la chuo. Alinieleza kwamba shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mhandisi kamili, kwa kuwa mhitimu wa chuo chochote kati ya hivyo viwili atajiandikisha kwanza katika Bodi ya Usajili wa Wahandisi akiwa mhandisi mhitimu, kisha afanye kazi chini ya usimamizi kwa takriban miaka mitatu kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. "Usiniulize chuo kipi kina jina," alisema, "jiulize miaka hiyo mitatu utaifanyia wapi." Kwa mitambo niliweza kuhesabu bila kutoka mkoani: bandari, kiwanda cha saruji cha Dangote, mtambo wa Madimba wenyewe, viwanda vya kubangua korosho, na pampu zetu za maji.

Dodoma ilikuwa na mvuto wake wa kweli. Mabweni yake ni mengi na yako ndani ya eneo la chuo, maisha yake si ghali kama ya Dar es Salaam, na treni ya umeme iliyoanza safari mwaka 2024 imeufupisha ule mwendo wa pili, wa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, baada ya basi letu kutoka kusini. Dar es Salaam ninaye baba mdogo anayeishi Mbagala, aliyejitolea kunipa chumba bure, lakini nilipopiga hesabu ya mabasi ya kutoka Mbagala hadi Mlimani na kurudi kila siku niliona kwamba chumba hicho kingenigharimu saa zote za kujisomea, nikaamua kuomba bweni kwa adabu zote. Ada nayo ina kalenda yake, na haikuijali korosho: maombi ya vyuo huanza wakati fedha ya nyumbani imekwisha kwa kununua salfa ya kupulizia mikorosho, na usajili huangukia wakati minada ya korosho ndiyo kwanza inaanza. Kwa hilo vyuo vyote viwili vilikuwa sawa, na tegemeo langu lilikuwa mkopo wa Bodi ya Mikopo.

Nilithibitisha Mlimani usiku, mtandao ulipotulia, nikampigia mjomba asubuhi yake. Alikaa kimya muda mrefu kiasi cha kunifanya niitazame simu kama salio limekwisha. Kisha akauliza kama huko kwenye mitambo wanafundisha pia kutengeneza mashine ya kupulizia salfa, kwa sababu yake imelala chini ya mwembe tangu msimu uliopita, na fundi wa Kitangari ameshamzungusha vya kutosha.