Mimba zabibu: jinsi nilivyosoma majibu ya beta HCG

UPT, kile kipimo cha mimba cha mkojo, ilitoka mistari miwili, tumbo likakua upesi kuliko umri wa mimba, na kutapika kukawa hakunipi nafasi hata ya kumeza maji. Nilipoanza kutoka damu, altrasaundi haikuonyesha mtoto wala mapigo ya moyo, bali vifuko vidogo vidogo vya maji vilivyosongamana. Mimba zabibu. Nikasafishwa kizazi kwa mashine ya kufyonza, nikaruhusiwa, na kwenye kadi daktari akaandika: beta HCG kila wiki.

Sitasema mengi kuhusu kusafishwa. Kilichonitoa jasho ni hizo wiki za kupima.

HCG ni homoni ya kondo la nyuma. Mimba ya kawaida inayo, na mimba zabibu huwa nayo kupita kiasi, kwa kuwa yenyewe ni kondo lililokua ovyo. Likishatolewa lote, hakuna tena wa kuitengeneza. Kwa hiyo homoni ikigoma kushuka, au ikianza kupanda, maana yake kuna chembe zimebaki mahali na zinakua, na hizo zinaweza kuwa saratani. Ndiyo sababu kipimo hiki kinaaminika kuliko ndugu zake wengi, yaani vipimo vingine vya damu vya kufuatilia saratani. PSA, ya saratani ya tezi dume, hupanda hata kwa maambukizi tu ya tezi hiyo; CA-125, ya saratani ya ovari, hupanda hata mwanamke akiwa kwenye hedhi. HCG ya mtu asiye na mimba haina visingizio vingi.

Majirani waliniambia ninunue UPT dukani, nisipoteze hela maabara. UPT inasema ipo au haipo, basi. Haikuambii kama imeshuka kutoka elfu sita hadi mia tatu, na homoni ikiwa nyingi mno inaweza hata kukudanganya kwamba haipo.

Nilichukua daftari la hesabu la mwanangu, lile la visanduku, nikaandika tarehe na namba. Kabla ya kusafishwa: 214,000. Wiki iliyofuata 6,800, kisha 1,150, kisha 290, kisha 94. Nikaanza kulala.

Wiki iliyofuata vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vikawa vimeisha pale ninapopimia. Nikaenda maabara nyingine mjini, majibu yakasoma 103. Imepanda! Mume wangu alisoma ile karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni bila neno. Mimi nilishaanza kuwaza nywele zangu zikinyonyoka kwa dawa za saratani.

Daktari hakushtuka. "Mama, usilinganishe mashine mbili tofauti. Kila moja ina namna yake ya kuhesabu. Rudi palepale ulipozoea." Siku mbili baadaye vitendanishi vikapatikana, ikatoka 71. Hapo ndipo aliponieleza anachokitazama. Namba moja peke yake haimsumbui, anataka mwelekeo. Ikisimama palepale, tofauti isizidi asilimia 10 juu au chini, kwa vipimo vinne vya wiki tatu mfululizo, au ikipanda kwa vipimo vitatu ndani ya wiki mbili, ndipo anaanza kuzungumzia dawa za saratani. Na dawa yenyewe, methotrexate, huponya karibu wote ambao ugonjwa wao umegunduliwa mapema.

Alinisimulia pia habari za daktari Min Chiu Li, wa Marekani miaka ya 1950. Huyo aliendelea kuwapa wagonjwa wa saratani ya kondo methotrexate hata uvimbe ulipokuwa hauonekani tena, kwa sababu homoni ilikuwa bado ipo. Wakubwa wake waliona anawatesa watu bure, wakamwondoa kazini. Baadaye ikaonekana kwamba wale aliowatibu hadi homoni ikaisha ndio waliobaki wazima.

Namba zangu ziliendelea kushuka: 33, 11, kisha chini ya 5, ambayo ndiyo kawaida. Hata hapo hawakuniachia. Zilitakiwa tatu mfululizo za kawaida, halafu kila mwezi kwa miezi sita.

Shida kubwa ya miezi hiyo ilikuwa mama mkwe. "Mwanangu, mbona kimya?" Kila Jumapili. Nilimkalisha nikamwambia: mama, nikishika mimba sasa HCG itapanda, na hakuna atakayejua ni mtoto au ni ule ugonjwa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza natumia nini. Vidonge, nikamwambia, maana kitanzi hakiwekwi kabla homoni haijarudi kawaida. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyenikumbusha tarehe za maabara.

Sasa nimeruhusiwa kujaribu tena. Uwezekano wa mimba zabibu kurudi ni kama mmoja kati ya mia. Nikikosa siku zangu naenda altrasaundi mapema, na wiki sita baada ya kujifungua watachukua damu tena kupima HCG. Daftari ninalo, limebaki kurasa za kutosha.